Mbao za Kisima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika nyumbani kwa mama. Yaani, nadhani nimefika. Nyumba siioni. Paa naliona, na kipande cha ukuta. Vingine vyote ni majani! Kiangazi kimekwisha, mvua za kwanza zimenyesha, na kila mbegu iliyolala hapa imeamka na hasira. Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia mama kwenye simu kwamba napafyeka kila wiki. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imeishia getini, kwenye upupu.

Mambo yalivyo: mama anakuja Jumamosi. Amechoka kulala kwenye kochi la dada yangu mjini, televisheni ikimpigia kelele kichwani. Amesema akikuta pako safi, anahamia kwake, na mimi ndiye nitakayekuwa msimamizi. Akikuta msitu, anamuuzia jirani na kurudi kufia kochini. Alisema hivyo hivyo, kufia kochini. Tangu aseme, silali vizuri.

Kibaya zaidi: dada amemtuma mumewe aje kunisaidia. Shemeji ni fundi cherehani. Amekuja na jembe, panga lake mwenyewe, na tepu ya kupimia shingoni! Nimemwambia apitie mlango wa mbele, maana mkwe ni mgeni mpaka kufa. Sisi tuliozaliwa hapa hupitia uani, mlango wa jikoni. Ndivyo mama alivyotulea: mlango wa mbele ni wa wageni na majeneza. Nikazunguka uani kumwonyesha. Nikarudi na miiba hadi kwenye nyusi, nikaingilia mbele, nyuma yake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ameanzia mlango wa jikoni. Anang'oa na mizizi. Anapima! Akimaliza mraba mmoja anasimama, anautazama, anaanza mwingine. Kwa mwendo huo mama atatukuta hapo hapo mlangoni. Nilimwambia mwenye akili hafanyi kazi ya mbuzi, nikaenda kuazima mbuzi.

Jirani tunamwita Bwana Seng'enge, kwa sababu kila anachokitaka hukizungushia seng'enge. Ndiye anayesubiri kununua. Alinipa mbuzi wake wote bila kusita. Hapo nilipaswa kushtuka. Mbuzi hawakugusa gugu hata moja. Wamekula pazia la chumba cha mama, kola za mashati mawili ya shemeji, na sabuni yangu. Mmoja alipanda mezani, akawa ananitazama kama mwenye nyumba.

Jioni Bwana Seng'enge alikuja kuwachukua. Alisimama getini akiangaza huku na huku, akaniuliza mama anafika lini. Nikamjibu kwamba anafika, na pako safi. Akasema ndiyo, anaona.

Jumatano, 5 Machi

Moto! Kwa nini sikuufikiria mapema? Shemeji alinionya kwamba majani mabichi hayawaki, na upepo hauna rafiki. Nikamwambia yeye ashone.

Kweli hayakuwaka. Yalitoa moshi mpaka nikawa nakohoa machozi. Kisha upepo ukageuka, moto ukafikia nyasi kavu za banda la kuku, na hapo ukakumbuka kazi yake. Banda limeshikana na jiko. Nilisimama nikipiga kelele, nikijua kabisa kwamba nyumba ya mama inaungua na mchomaji ni mimi. Shemeji alikimbilia kisima cha zamani, kile kilichojificha kwenye majani uani, akaondoa mbao zinazokifunika, akachota ndoo baada ya ndoo mpaka moto ukazimika. Banda limekwenda. Jiko limebaki na mlango mweusi.

Halafu, badala ya kupumzika kama binadamu, akarudisha mbao za kisima moja moja na kuweka jiwe juu yake. Akaniomba sana nisizitoe. Alisema ndani kuna maji ya kiuno na tope, na majani yameufunika mdomo wote, mtu hawezi kuuona. Nikasema sawa. Lakini sipendi kufundishwa kwetu.

Alhamisi, 6 Machi

Kipande cha shemeji sasa kinatoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo. Kinapendeza, siwezi kukataa. Pembe zimenyooka kama mfuko wa koti. Hicho ndicho kinachoniuma! Mama akikiona atauliza ni kazi ya nani, na usimamizi utakwenda kwa mtu wa sindano.

Nimempigia dada simu. Nimemwambia, kwa masikitiko, kwamba nimepigiwa simu, kuna bwana harusi anabamiza mlango wa duka la mumewe, anataka suti yake. Kabla ya saa sita shemeji alikuwa amefunga mzigo. Nilimbebea begi mpaka barabarani, kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu. Njia nzima alikuwa akinisisitizia uani, uani, kisima kiko katikati ya majani, nisikichezee. Nikampungia mkono mpaka gari likapotea.

Ijumaa, 7 Machi

Peke yangu na msitu, na mama ni kesho. Asubuhi nilikaa kwenye ngazi nikakaribia kulia.

Kisha wazo! Kufyeka kwa nini? Mama atashuka getini, atatazama mbele ya nyumba. Majani yakisimama ni pori, yakilala ni zulia. Nilihitaji kitu kipana na kizito cha kuburuta juu yake. Nikatafuta stoo, hakuna. Mvunguni, hakuna. Nikazikumbuka mbao za kisima.

Nilizifunga pamoja kwa kamba, nikapakia jiwe lile lile la shemeji, nikajivisha kamba kifuani, nikavuta. Getini mpaka mlangoni, mlangoni mpaka getini, mabega yakachubuka. Yamelala! Jamani, uwanja mzima umelala! Mbao nilizitupa huko nje ya geti na kuzifukia kwa lundo la taka, zisiharibu mandhari.

Alasiri ikanyesha mvua. Nikatoka kutazama. Majani kadhaa yalikuwa yameinua vichwa. Nikaanza kuyakanyaga moja moja. Nikikanyaga hili, lile linainuka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa na tope masikioni.

Teksi ilisimama asubuhi. Nilikuwa getini, shati jeupe, mikono nyuma. Mama akashuka na begi, na kwapani ana mto wake wa kulalia. Kumbe hakuja kutembea, alikuja kubaki. Akalitazama zulia langu, nusu limelala, nusu limesimama, akasema ni kana kwamba ng'ombe walilala hapa. Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Nikafungua mlango wa mbele na kumkaribisha kwa mikono miwili.

Akaniuliza tangu lini yeye ni mgeni. Akazunguka ukuta, akaelekea uani.

Nilichelewa kuelewa. Mama hajapita mlango wa mbele wa nyumba yake hata siku moja! Na uani kuna shimo wazi, katikati ya majani marefu kumliko yeye, na macho yake ya siku hizi hayatofautishi mbuzi na mbwa. Nikamwita. Hakusikia. Nikakimbia kupitia ndani, sebule, jiko, nikatokea kwenye kipande cha shemeji. Mama hayupo. Niliona majani yakitikisika upande wa kisima. Kisha yakaacha kutikisika.

Sijawahi kuogopa vile. Nilijitosa humo nikiita mama, mama, nikilia kama mtoto, nikimwahidi Mungu kwamba sitasema uongo tena maishani. Mara ardhi ikaisha.

Shemeji hakukosea. Maji ya kiuno, na tope.

Nikatazama juu. Uso wa mama ulikuwa ukingoni, ukinitazama chini. Kumbe alisimama tu kuvua viatu! Akasema kisima hiki alikichimbisha yeye, anaweza kukizunguka akiwa amefumba macho. Akauliza nafanya nini humo. Nikasema nakisafisha. Akasema basi nisafishe vizuri, akanitupia ndoo, akaenda zake.

Aliyenitoa ni Bwana Seng'enge. Alileta ngazi bila hata salamu. Mama alikuwa ameshamwambia kwamba hauzi. Nilimkuta mama amekaa kizingitini pa jikoni, miguu peku kwenye udongo safi wa shemeji, mto mapajani. Alikuwa analia kidogo kidogo. Akasema sasa amefika kwake. Alipapasa udongo, akauliza nani amefyeka vizuri namna hii.

Nikasema ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Mama amelala kitandani kwake na ameamka anaimba. Mimi ndiye msimamizi! Ameagiza nifyeke uani kote kwa mkono ule ule, na pembe zile zile. Mkono upi sasa? Nimempigia shemeji kumuuliza, kwa upole, kama hajambo na kama ana nafasi. Akasema hakukuta bwana harusi yeyote. Kisha akauliza kama kisima kimefunikwa. Nikasema ndiyo. Mama naye aliuliza wakati wa chai. Ndiyo. Ahadi kwa Mungu naikumbuka, lakini niliitoa nikikimbia, na mtu anayekimbia hajui anachosema.

Mbao ziko chini ya lundo, zimelowa, nzito ajabu, na mabega yangu ni vidonda. Kesho nitazileta. Nina mpango unaohitaji mbuzi mmoja tu.

Leo nalinda. Tangu asubuhi nimekaa mlango wa jikoni. Mama akiinuka, nainuka. Akitaka upepo, namwelekeza mlango wa mbele. Nimemsikia akimwambia dada kwenye simu kwamba hakujua kama mwanawe anampenda hivi, hambanduki hata hatua moja.

Sasa anataka akachote maji kisimani mwake, mwenyewe, kama zamani. Anaitafuta ndoo nyumba nzima. Nimeikalia.