Mbio za Nestory

Jumatatu, 14 Julai

Sijamwambia mtu yeyote: huwa nakula kwenye misiba ya watu nisiowajua.

Nifanyeje? Mwalimu Adriano anasema nakimbia vizuri ila nakonda. Nisipoongeza kilo, hanipeleki mashindano ya mkoa. Anataka nishibe ugali, maharage, karanga, mboga, tunda. Chipsi na soda hataki kuzisikia. Nikaitikia tu. Kwa shangazi Gaudensia tunakula sinia moja, na mimi naona aibu kurudisha mkono. Binamu zangu hawana aibu hiyo.

Leo nimekimbia hadi Ipuli. Turubai, viti vya kukodi, masufuria. Nikainamisha kichwa, nikaketi. Wali, maharage, mchicha. Mlo kamili, kama kitabu cha baiolojia kinavyotaka. Nikaongeza. Ndipo mzee mmoja akatangaza kwamba vijana walioshiba wafuate majembe.

Nimechimba kaburi mpaka viganja vikachubuka. Nadhani nimetoka na kalori chache kuliko nilizoingia nazo.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudi palepale. Matanga hayajaanuliwa. Marehemu ni Nestory, rika langu. Mama yake alikuja hadi kwenye kiti changu, akauliza nilijuana vipi na mwanawe. Mdomo umejaa maharage. Nikasema tulikuwa tunakimbia pamoja asubuhi.

Nikajua nimekwisha. Kisha akaniongezea wali, akasema nije Jumamosi, watu wakishatawanyika.

Jumamosi, 19 Julai

Ugali, kuku wa kienyeji, matobolwa ya viazi vitamu, papai. Nimeamkia, nimeitikiwa, nimeambiwa kula, mwanangu. Akataka nimsimulie mbio zetu. Nikasimulia: tunafuata reli, tunashindana hadi kwenye kivuko, barabara inapokata reli, Nestory ananiacha, anageuka kuniita kobe. Hadithi ilikuwa imenoga kweli.

Ndipo nikaona nyuma ya mlango. Magongo mawili ya kutembelea, vishikio vimelainika kwa kushikwa. Ukutani, picha ya komunyo ya kwanza: Nestory mdogo, magongo madogo.

Nikarudisha papai kwenye sahani. Mama Nestory aliona nilichokiona. Akanisogezea sahani, akasema nisiache mnofu. Halafu akauliza polepole: "Mlipofika kwenye kivuko, alikuacha mbali?"

Nikasema mbali sana, mama.

Nilirudi kwa kutembea.

Jumanne, 22 Julai

Nimeongeza kilo moja. Jina langu limo kwenye orodha ya mkoa. Mwalimu akauliza siri yangu, nikasema maharage.

Leo nilikwenda kuomba radhi. Maneno nimeyapanga tangu darasani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, moja likigoma nitumie jingine. Nikafika, amepika. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema Nestory aliwahi kushika namba moja.

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akajifuta macho kwa kanga, akauliza medali iko wapi.

Nikasema ninayo mimi. Nitamletea. Akauliza nakaa wapi, nikamwelekeza.

Kwa hiyo sasa nina kifuniko cha kopo, msumari, utepe wa nywele wa binamu Flavia na rangi ya dhahabu niliyoazima kwa fundi wa mageti. Nikimaliza hii, sitamdanganya tena. Labda niongeze tu kwamba aliwahi pia kushika namba moja Kaliua.

Hodi huko nje. Ni sauti ya Mama Nestory. Anamwambia shangazi hakuweza kusubiri, amefuata medali ya mwanawe, na amebeba na kuku. Shangazi anauliza mwanawe ndiye nani.

Nyayo zinakuja huku. Karatasi hii chini ya godoro. Rangi bado mbichi.