Siku Pikapu Iliponyamaza

Masila aliisikia ile pikapu kabla hajaiona. Alikuwa kwenye benchi la Nthambi, muuza chai wa karibu na gereji za Kitengela, chapati moja mkononi na ya pili akiifikiria, mara barabara ikaanza kulia: kwii-kwaa, kwii-kwaa, kwii-kwaa. Watu wakageuka. Mbuzi aliyekuwa akitafuna katoni akaacha kutafuna.

"Ngai!" Nthambi akasema. "Hiyo gari inachinjwa ama?"

"Hiyo si gari," Masila akajibu, akipangusa mafuta ya chapati kwenye suruali. "Hiyo ni riziki yangu inajileta yenyewe."

Sasa tumtambulishe bwana huyu, maana hata yeye ana haki zake. Mtaani walimwita Injinia, cheo alichojipa mwenyewe bila kuwasumbua watu wa chuo kikuu. Lakini masikio alikuwa nayo. Alijua kelele ya namna ile hutoka kwenye springi na viungo vya chini vilivyokauka, na kwamba bomba la grisi na jasho la mchana mmoja huimaliza kabisa. Alijua pia kwamba wenye magari wengi hawalijui hilo, na hapo ndipo alipofungua ofisi.

Mali yake yote duniani ilikuwa pikipiki moja nyekundu. Aliipata kwa miaka minne ya kuruka chakula cha mchana, na kila asubuhi aliipangusa kwa fulana safi kuliko aliyovaa. Ndiyo iliyomlisha na kumlipia nyumba. Lakini wiki iliyopita Njuguna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amemwambia, "Injinia, nitafutie pikapu ya kubeba simiti. Iwe kimya, sipendi gari ya makelele." Bei aliyotaja ilitosha kununua pikipiki nne. Tangu siku hiyo Masila hakulala vizuri.

Pikapu ilipita, ikageukia kituo cha mafuta, ikarudi, ikapita tena. Mara ya tatu ikasimama mbele ya benchi. Akashuka mama wa miaka sitini hivi, shuka begani, shanga shingoni, raba nyeupe miguuni.

"Takwenya, yeyo!" Masila akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama. Alijua maneno matatu ya lugha hiyo, na mawili aliyaweka kwa ajili ya biashara.

"Iko," mama akaitikia salamu kwa lugha yake. "Mimi naitwa Nailantei, nauza kondoo kule Kajiado. Kijana, gari yangu inalia mpaka naona aibu kanisani. Iko na shida gani?"

Masila akasimama polepole. Daktari wa kweli hakurupuki. Aliomba injini iwashwe, akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho. Injini ilikuwa tamu ajabu. Akameza mate. Kisha akajitupa chini ya gari, na huko akatoa mfukoni kijikaratasi cha vumbi la kutu, dawa aliyotembea nayo kwa ajili ya wagonjwa kama hawa. Akatoka na uso wa msiba.

"Yeyo, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Afadhali. Keti." Akafungua kiganja. "Hii ndiyo chesisi yako, uti wa mgongo wa gari."

"Ai!"

"Imeoza. Hiyo kelele ni chuma inaachana. Siku moja utafika Isinya umebeba kondoo, mbele iende Kajiado na nyuma ibaki."

"Na kondoo?"

"Kondoo watajichagulia."

Mama akashika shavu. "Na siwezi kupaka mafuta kidogo tu?"

"Mafuta?" Masila akatikisa kichwa kwa huruma nyingi. "Yeyo, tungekuwa tunafufua watu kwa mafuta, marehemu babu yangu angekuwa hapa anakunywa chai na sisi." Nthambi akakohoa, akageukia sufuria yake.

Masila akasema yeye ana moyo mwepesi, angeweza kuichukua kama chuma chakavu. Mama akasema pesa hataki, pesa ya simu watoto huiomba ikaisha. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye ile pikipiki nyekundu.

"Hiyo ni ya nani?"

Masila akaitazama. Hiyo? Akafikiria miaka minne, akafikiria pikipiki nne. Akaomba kwanza aijaribu pikapu. Akazunguka nayo mara moja hadi kwenye mtaro na kurudi, kwii-kwaa zikamjaa masikioni. Hakusikia kingine chochote, wala hakutaka kusikia.

"Sawa," akasema. "Kwa sababu ni wewe."

"Lakini andika," mama akasema. "Andika vile umesema, nisije nikasumbuliwa. Mimi nitaweka kidole."

Masila nusura amkumbatie. Karatasi ndiyo aliyoitaka yeye! Siku mama angeiona gari yake ikipita Kitengela nzima nzima, karatasi ingemfunga mdomo. Akachana ukurasa wa daftari la Nthambi, akaandika kwa mbwembwe kwamba yeye, mtaalamu, ameikagua pikapu hii, ameikuta mbovu kutoka mbele hadi nyuma, ameichukua hivyo hivyo akiwa na akili timamu, na hakuna wa kurudi kudai. Akaandika nakala mbili. Mama akaweka kidole, Nthambi akatia sahihi kama shahidi.

Mama akafungua kibeti, akatoa logbuku, hati ya kumiliki gari, ikiwa imefungwa kwenye nailoni, pamoja na nakala ya kitambulisho. Mtu aliyekuja mjini tu hatembei na logbuku kwenye kibeti. Masila angeweza kujiuliza hapo, lakini alikuwa mbioni kuleta ya kwake. Mama akavaa helmeti, akakunja shuka, akapiga kiki moja, na alipofika kwenye lami alikuwa tayari gia ya tatu.

"Huyo mama amewahi kuendesha," Nthambi akasema.

"Mwache afurahi," Masila akajibu. Mchana kutwa akawa chini ya pikapu. Na kusema kweli, kazi aliifanya vizuri. Alizibua kwa waya vile vichuchu ambavyo grisi huingilia, akasukuma bomba mpaka uchafu mweusi ukatoka na grisi mpya ikachungulia. Akalainisha viungo vya springi, misalaba ya shafti, bawaba za milango, hata waya wa breki ya mkono. Mlango ukawa unafungika kwa kidole. Aliufungua na kuufunga mara kumi, akicheka peke yake.

Kesho yake akampakia Njuguna, wakashika barabara ya Namanga. Pikapu ilikuwa kimya kabisa.

"Umesikia?" Masila akauliza.

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo hiyo."

Wakaenda kidogo. "Lakini sasa nasikia," Njuguna akasema.

Masila naye alikuwa ameshasikia. Ulikuwa mngurumo mzito, kama mtu anayesaga mahindi chini ya kiti. Akiongeza mwendo, unasaga haraka. Akipunguza, unasaga polepole.

"Ni upepo," Masila akasema.

"Upepo uko chini ya makalio yangu? Hiyo ni difu, zile gia za magurudumu ya nyuma, Injinia. Meno yameisha. Mimi nilikuwa na gari kama hii, nikatafuta difu yake Nairobi mwaka mzima, nikaishia kuuza vyuma. Nirudishe dukani. Polepole, nina watoto."

Alipobaki peke yake kwenye usukani, Masila alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni, masikio yale yale aliyojivunia. Ikiwa imesimama, injini ilikuwa tamu. Ikitembea, kelele ya springi ilifunika kila kitu. Aliyeifunua ni yeye, kwa grisi yake mwenyewe.

Siku ya soko la mifugo akaiendesha pikapu hadi Kajiado amejaa hasira, na hasira ilikuwa nzima kuliko gari. Difu ilijifunga kabisa getini, ikabidi wachungaji waisukume kando. Akamkuta Nailantei katikati ya kondoo, helmeti nyekundu imening'inia mkononi.

"Yeyo, umeniibia! Gari ni mbovu!"

Wafanyabiashara wakageuka. Nailantei akamtazama kwa upole. "Lakini wewe ndiye uliniambia ni mbovu."

Akatoa karatasi, akampa mzee Lemayian aliyekuwa jirani yake. Mzee akaisoma kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye "akiwa na akili timamu" akarudia, maana watu waliomba.

"Kama ulisema ukweli, umepata ile kitu ulinunua," Nailantei akasema. "Kama ulikuwa unanidanganya, sema hapa tusikie."

Masila akaiomba ile karatasi, akaisoma mwenyewe, akairudisha.

"Keti," mama akamwambia. "Ng'ombe akiwa na kikohozi, siku ya soko unamfanyia nini?"

"Unampa dawa."

Soko likacheka mpaka kondoo wakashtuka. "Unamfunga kengele kubwa shingoni," mama akasema. "Akikohoa, kengele inapiga. Mnunuzi anasikia kengele, anasema huyu ng'ombe ni mchangamfu. Sasa mimi nilikuwa na gari ya kikohozi. Mwaka mzima sijatia grisi. Mvua nayo ikanisaidia. Nikaja Kitengela nikazunguka mara tatu, nikitafuta mtu atasikia kengele afurahi."

Masila akashika kichwa. Alitaka kulia, na ndani ya kilio kulikuwa na kitu kinachofanana na heshima, jambo lililomuuma zaidi.

"Utarudi aje nyumbani?" mama akauliza.

"Sijui."

"Panda nikupeleke stendi. Mia moja."

"Yeyo! Mia moja, na pikipiki ni..." Akatoa mia, akapanda nyuma.

Aliijua mashine ile kila sauti yake, hata kamlio kadogo ka cheni alikokuwa anajiahidi kukashughulikia mwezi ujao. Akategea sikio. Hakukasikia. Akainama, akaona cheni inang'aa.

"Umeipaka cheni mafuta," akasema.

"Ndiyo," Nailantei akajibu bila kugeuka. "Hii siuzi."