Kiatu Kilichokwenda Kuposa Bila Mshenga

Ramadhan Mhina,
Mkulima na muuza machungwa,
Segera, Handeni.

Kwa Mwalimu Yuditha,
Mwalimu wa Kiingereza, Darasa la Tatu,
Shule yetu ya msingi.

YAH: HADITHI YA BINTI WA JIKONI NA KIATU, NA YALIYONIKUTA

Mheshimiwa Mwalimu,

Habari za kazi, habari za Baba Yordani na watoto? Sisi huku wazima, ila mimi mwenyewe siko sawa, na sababu ni wewe. Nasema hivyo kwa adabu zote.

Unanifahamu. Mimi ni baba wa Zamda, yule wa dawati la mbele asiyenyamaza. Unajua pia kuwa mama yake, Maryamu, alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Na kijiji kizima kinajua nataka kumuoa Bi Shamsia wa Mkumbara, mjane mwenzangu, anayeuza mahindi ya kuchemsha hapa Segera. Posa imeshapelekwa, kwao wameridhia. Aliyebaki ni Zamda. Nilikuwa namlainisha taratibu, leo neno, kesho andazi, na alikuwa amefikia hatua ya kumwitikia Shamsia salamu huku akitazama pembeni. Hapo ndipo ulipoingia darasani na hadithi yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama wa kambo. Mwalimu, katika Kiingereza chote hicho hakuna mama wa kambo hata mmoja mwenye roho nzuri? Siku uliyowafundisha, Zamda alirudi, akavua sare, akahamia jikoni. Akajipaka majivu mpaka kwenye kope, akaanza kufagia. Mtoto huyu hajawahi kushika ufagio bila kutishiwa nao! Namuuliza kulikoni, ananieleza kuwa anajizoeza mateso mapema, ili Shamsia akihamia yasimshtue. Jioni ile ile Shamsia akapita na beseni lake la mahindi, akamkuta mtoto katika hali hiyo, akanitazama mimi kwa jicho baya. Yaani nikaonekana baba wa kambo kwa mwanangu wa kumzaa.

2. Boga. Nilikuwa na boga moja zuri nililolitunza kwa ajili ya futari. Zamda na mwenzake Mustafa waliliviringisha hadi kando ya barabara, wakalikalia, wakangoja ligeuke gari kama lile la binti wa hadithi yako. Nilifika nikawakuta wanalihimiza kwa Kiingereza. Walipokwenda kunywa maji, mbuzi wa jirani, ambaye hajasoma, alilila gari lote na taa zake.

3. Huyo mtoto wa mfalme. Hebu tuongee kama watu wazima. Kijana amecheza muziki na binti usiku mzima, uso kwa uso, halafu kesho yake hamkumbuki sura? Mimi niliwahi kuuziwa mbuzi kilema mnadani, na muuzaji yule namkumbuka mpaka leo, hadi kovu lake la kwenye nyusi. Tena badala ya kutuma mshenga na shangazi na barua ya posa iliyofungwa vizuri kwenye kitambaa, anatuma kiatu. Kimoja! Angekuja kwangu kumposa Zamda kwa kiatu kimoja, ningempa kingine cha kichwa ili apate jozi.

4. Lugha yenyewe. Sikatai, mtoto amekiweza Kiingereza. Tatizo ni kwamba ananigombeza nacho, na mimi changu kiliishia kwenye yesi. Juzi nilijibu yesi, kumbe nimekubali kununua farasi.

5. Hili sasa ndilo lililonishikisha kalamu. Maryamu aliacha kiatu kimoja, cha plastiki, cha bluu, cha mguu wa kushoto. Cha kulia kilichukuliwa na maji mwaka wa mvua nyingi. Zamda hulala nacho chini ya mto, na sijawahi kumkataza. Sasa amekitoa. Ametangaza kuwa sitaoa mwanamke yeyote isipokuwa yule ambaye kiatu hicho kitamtosha, kwa kuwa ndivyo hadithi inavyosema, na Mwalimu akishasema imekwisha. Mwalimu, Maryamu alikuwa na mguu mdogo mno. Shamsia anavaa viatu vya kiume, na anasema vinambana. Umeona uliponifikisha?

Basi kiatu kikaanza ziara. Kavishwa dada yangu, wa tumbo moja nami. Kavishwa mama yangu mzazi, naye badala ya kumkanya mjukuu akalalamika kuwa kinabana kidogo tu kwenye dole gumba. Bi Chandrika wa duka la vitambaa kilimwishia nusu, akacheka mpaka akampa mtoto pipi, yaani akamtia moyo! Abiria wa kike wa basi la Arusha, walioshuka kununua machungwa yangu kwa amani, walivuliwa viatu mmoja mmoja. Basi likaondoka, chungwa hata moja sijauza.

Na wewe, Mwalimu! Jumatano ulikivaa darasani mbele ya watoto, kikakutosha, ukapigiwa makofi. Kweli, Mwalimu? Zamda alikuja mbio kunipa hongera. Kufika alasiri, mumeo, Baba Yordani, fundi cherehani mpole kuliko wote, alikuwa mlangoni kwangu na mkasi mkononi, akiomba kufahamishwa. Nimeapa mbele yake viapo vyote ninavyovijua na viwili nilivyovitunga. Aliondoka ameniamini, ila mkasi aliendelea kuuchezesha njia nzima.

Nacheka ninapoandika haya, lakini moyoni siko hivyo. Shamsia amesikia habari za kiatu, na tangu hapo hapiti tena kwangu. Mahindi anamtuma mtu alete. Siwezi kumlazimisha mtoto ampende mtu, na Shamsia siwezi kumwacha. Nimekaa katikati kama nguo kwenye kamba. Ametuma neno kwamba Ijumaa atakuja kupimwa mguu kama wenzake, yaishe. Mwalimu, tunajua sote mguu ule utakavyofanya.

Kwa hiyo naomba, kabla ya Ijumaa, hadithi irekebishwe kama ifuatavyo. Mama wa kambo awe mwema, hata ikiwa siku mbili tu kwa wiki. Mtoto wa mfalme apewe mshenga na miwani. Boga libaki boga. Na kiatu kiwe cha mpira, tena ule wa kuvutika, utakaomwenea yeyote mwenye nia njema. Isipowezekana, futa Kiingereza wafundishwe hesabu, maana sijasikia mtu aliyeachwa na mchumba kwa sababu ya kujumlisha.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, mlinzi, na hasa hasa Baba Yordani, mwambie mimi ni ndugu yake.

Ni mimi mzazi mwenye imani nawe bado, ingawa imepungua,

Ramadhan Mhina

Nakala: Mwalimu Mkuu; Mwenyekiti wa Kitongoji; mwenye mbuzi.

Nyongeza: Mwalimu, bahasha nilikuwa sijaifunga. Yote ya juu yafute, hadithi isiguswe hata neno. Shamsia hakungoja Ijumaa, amekuja leo. Alivua viatu vyake mlangoni, akaosha miguu, akaketi mkekani, akanyoosha mguu wa kushoto. Zamda akapiga magoti. Viliingia vidole, basi. Kisigino chote kilibaki nje, hata asiyeona angekiona. Shamsia hakulazimisha. Alimwambia tu kuwa mama yake alikuwa na mguu mzuri, kiatu hiki ni chake akitunze, na yeye amekuja na vyake. Zamda alikitazama kile kisigino, nami nikatazama chini, nikajua mambo yameharibika. Kisha mtoto akasimama, akapangusa magoti, akatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile uliyowafundisha, kwamba kimemtosha. Safari hii nilielewa kila neno, nikajibu yesi.