Vita vya Denton Rusk na Mlango wa Lori

Sogeeni karibu, enyi wapenzi wa televisheni, zimeni majiko msije mkaunguza, mzisikie habari za vita vilivyopiganwa katika jangwa la Arizona, mwaka ule tamthilia ya askari wa barabara kuu za karne ijayo ilipofutwa kabla watazamaji hawajalishika jina lake.

Shujaa ni Denton Rusk, simba wa lami, kiboko ya majambazi. Jioni ya mwisho ya kupiga picha, ilibaki picha moja tu: mlango wa lori lake la ajabu ujifungue wenyewe, naye ashuke. Kule Nebraska mama yake alikwisha kuwaalika majirani waje kumwona mwanawe kwenye televisheni akishuka kwa mara ya mwisho. Na jua lilikuwa linazama.

Mlango ukagoma. Kamba aliyokuwa akiivuta fundi Orville, aliyelala uvunguni mwa lori, ilikuwa imekatika. Na kitasa cha ndani? Waliking'oa wenyewe wapate pa kuweka taa za kumetameta.

"Ewe chuma!" Denton akanguruma, jasho likimtiririka ndani ya koti la rangi ya fedha. "Mimi niliyeirukia helikopta, unizuie wewe?"

"Aliyeruka badala yako ni Lonnie," sauti ya Orville ikatoka uvunguni. "Wewe ulikuwa unakula soseji."

"Nakumbuka, kaka. Hata soseji ilinishinda."

Ndipo akaja Bi Wilma, mshonaji wa mavazi, akapenyeza mrija wa maji ya barafu kwenye upenyo wa dirisha.

"Kunywa kwanza, mwanangu. Mama yako atakuona, usihofu." Kisha akapenyeza waya wa kutundikia nguo. "Kikulabu cha mlango kiko nyuma ya taa nyekundu. Kinase, uvute."

Denton akauinua waya ule kama upanga wa mababu. Akachokoa, akajikata kidole, akazima taa zote, akamwomba mlango radhi.

"Jua hilo linazama, Denton!" mwongozaji akalia. "Kamera inakwenda!"

Kulabu ikalia ka! Mlango ukainuka kwa madaha, na simba wa lami akashuka katika mwanga wa mwisho, waya kauficha mgongoni.

Siku chache baadaye, usiku sehemu hiyo ilipoonyeshwa, simu ikalia.

"Denny! Majirani wamesimama wakapiga makofi. Hivi ule mlango kweli hujifungua wenyewe?"

Denton akakitazama kidole chake, na plasta aliyofungwa na Bi Wilma.

"Wenyewe kabisa, mama."

Na majirani wa Nebraska wakaithibitisha historia.