Chai ya Mrehani Niliyoishuhudia Bila Kuinywa

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu, tena nikiwa nimesimama. Naandika polepole, mnivumilie.

Mnanijua. Mimi Masatu, naziba pancha hapa Manyamanyama, Bunda. Mteja akiniuliza bei, namwonyesha kwa vidole. (Siyo bubu. Naona haya tu.)

Sasa kuna Daktari Wegesa, mzaliwa wa Butiama, anafanya kazi Musoma. Anachunguza chai ya mrehani, yale majani yenye harufu nzuri. Anataka kujua kama kweli yanausaidia mwili kustahimili mawazo na uchovu, kama watu wanavyosema. Dada huyu namheshimu sana. Amesoma mpaka basi, lakini akifika kwa wazee anainama na kusubiri salamu ziishe zote, hata za ng'ombe.

Akanichagua niwe mmoja wa wanywaji wake. Akanipima presha, akaniuliza habari za usingizi wangu, akanipa pakiti.

"Masatu, kikombe kimoja kila jioni. Wewe peke yako. Bila maziwa, bila sukari."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni ileile, kikombe kiko mdomoni, jirani yangu Mama Nyangeta akapiga hodi. Sasa niambieni nyinyi. Mgeni ameingia, una chai mkononi, unywe peke yako? Kwetu hata mchawi hafanyi hivyo! Nikampa. Akaonja, akakunja uso.

"Mwanangu, chai gani hii? Haya ni maji ya kunawia!"

Akaenda kwake, akarudi na maziwa na sukari. Akaimaliza.

Kesho yake akaja na Mzee Magesa. Halafu wajukuu. Chumba changu kikawa kijiwe. Chai ya utafiti wakanywa wao, mimi nikajichemshia majani ya dukani. Kila Daktari alipokuja kunipima nilitaka kumwambia. Nikaishia kuitikia kwa kichwa, naye akaniachia pakiti nyingine.

Basi, leo ndiyo ilikuwa siku ya kusikia majibu, kwenye ukumbi wa kanisa. Mbele wamekaa wakubwa wa Daktari kutoka Musoma. Wamekuja kuamua kama kazi yake iendelee au isimame.

Daktari akasema, "Kuna mmoja amebadilika kuliko wote. Presha imetulia, usingizi umerudi. Masatu, simama utuambie."

Jamani! Nikasimama. Nilipanga kusema "asante" nikae. Lakini nikaona uso wake unavyong'aa, nikaogopa kumwangusha mbele ya wakubwa wake. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Bwana asifiwe!"

Ukumbi mzima: "Ameen!"

(Nani alinituma? Ukisema hivyo kwenye ukumbi ule, huwezi kukaa mpaka utoe ushuhuda.)

"Chai hii imeniokoa! Sijaruka hata jioni moja. Naimaliza mpaka tone la mwisho!"

Makofi. Vigelegele. Ndipo Mama Nyangeta akainuka, mikono kiunoni.

"We Masatu! Unatolea ushuhuda chai yangu?"

Akamgeukia Daktari.

"Daktari, huyu mtoto hajaionja hiyo chai. Mimi ndiye nakunywaga, mimi na Mzee Magesa. Tena kwa maziwa! Yeye anakunywaga ya dukani."

Mzee Magesa alikuwa anasinzia. Aliposikia jina lake akashtuka: "Ni kweli kabisa. Ila Ijumaa sukari ilipungua."

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mimi bado nimesimama. Nilisahau mtu anakaaje.

Daktari hakucheka. Nikajua nimemharibia. Akauliza taratibu, "Wengine mliokunywa na wageni, nyoosheni mikono."

Mkono mmoja. Miwili. Mara ukumbi ukawa kama shamba la mtama!

Akawageukia wakubwa wake. "Kosa ni langu. Nimezaliwa Butiama, halafu nikamwambia mtu wa Mara anywe chai peke yake. Vipimo hivi sitavitumia. Naomba nianze upya, nyumba nzima, pamoja na wageni wao na maziwa yao."

Hakutafuta wa kumlaumu. Wala mimi hakunitazama vibaya. Mkubwa wake mmoja akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko.

"Anza upya, Wegesa. Tuko pamoja."

Nikapumua. Lakini Daktari akanirudia: "Masatu, presha yako ilitulia kweli. Kwa nini?"

Kabla sijajibu, Mama Nyangeta akadakia: "Si sisi? Alikuwaga anajifungia ndani kama kuku anayeatamia! Siku hizi kila jioni anacheka na watu. Andika sisi, Daktari!"

Na Daktari akaandika. Ndipo akacheka.

Sasa hivi maji yako jikoni, na kina Mama Nyangeta wanaigiza "Bwana asifiwe" yangu hapo mlangoni. Na wewe unayetaka kunicheka, njoo jioni. Uje na maziwa.