Eksirei ya Nyota, Bure kwa Wananchi

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni kwa Wakiuru, kikazunguka sakafuni kikilia mpaka kikachoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba tangu ateleze zizini, na wa kushoto bado ulikuwa unajifunza kazi. Ng'ombe hakukamwa vizuri. Wakiuru alihitaji eksirei.

Bahati nzuri, asubuhi hiyo redio ilitangaza jambo kubwa. Idara mpya ya Eksirei za Anga, makao makuu Bungoma, tawi Kitale, itawapiga wananchi eksirei kwa kutumia nyota. Bure.

Wazo lilianzia kwa Joan, mjukuu wa shosho Wakiuru, anayesomea nyota chuoni. Aliwaeleza wakubwa kwenye semina pale Mabanga kuhusu nyota moja iliyokufa, ndogo ya kutoshea kati ya Kitale na Kiminini, yenye sumaku isiyo na mfano, inayomwaga eksirei kila ikijizungusha. Alieleza pia kwamba hewa huzizuia eksirei hizo zisifike chini, ndiyo maana hupimwa kwa setilaiti. Wakati huo chai ilikuwa imeletwa.

Kwa kuwa mashine ya eksirei ya hospitali ya Kitale sasa haikuhitajika, chumba chake kikawa ofisi ya Mkurugenzi wa Idara, Bwana Wekoye. Mashine ilifunikwa kitambaa ikawekewa maua. Ufunguo wa chumba Mkurugenzi alitembea nao.

Saa sita mchana, wagonjwa walipangwa foleni uwanjani nyuma ya hospitali. Nesi Agneta alimletea Wakiuru kiti, akamfunga mkono kwa leso yake mwenyewe. Bwana Wekoye alipanda juu ya meza.

"Shikeni pumzi. Nyota inageuka."

"Ati iko wapi, bana?" mzee mmoja aliuliza.

"Mchana haionekani. Serikali nayo huioni, na si inafanya kazi?"

Mzee alitazama juu, akashika pumzi.

"Na picha zitatoka lini, Mkurugenzi?" Agneta aliuliza.

"Zinachakatwa huko huko juu," alisema, akanyoosha mkono kuonyesha. Meza ikainama, akaanguka. Mguu wake ulilia kama muwa ukivunjwa.

"Nipelekeni kwa mashine," alinong'ona.

"Mashine gani tena?" Agneta aliuliza kwa adabu. "Si nyota iko hapa? Shika pumzi."

Akashika, kwa heshima ya ofisi. Mara ya pili maumivu yakamshinda, akatoa ufunguo mfukoni.

Agneta aliondoa maua, akaita watu kwa foleni ile ile. Wakiuru alikuwa wa kwanza, lakini alimhurumia Mkurugenzi, akataka kumwachia nafasi.

"Wacha, shosho," Agneta alisema. "Huyu ni mgeni wa heshima. Atafunga shughuli."

Wiki iliyofuata Wakiuru, mkono ukiwa kwenye plasta, alimpelekea Bwana Wekoye ndizi mbivu wodini. Alimmenyea kwa mkono mmoja, polepole, naye akala mbili.

"Watu wa ofisi wamekuja kukuona?"

"Kamati ya kunitembelea imeshaundwa," alisema, akijiweka sawa kitandani. "Bado inatafuta mwenyekiti." Akatazama mlango. "Wewe kesho uje tena, shosho."