Sindano, Boga na Mguu Wangu wa Kulia

Jumatatu, Oktoba 14

Habari kubwa! Mwalimu Qiu amesema Jumapili ataamua kama anapokea chai yangu. Nikipiga magoti naye akainywa, mimi ni mwanafunzi wake wa tiba ya sindano, maisha. Asipoinywa, narudi Leshan kunyonyoa mabata kwa mjomba. Mjomba ameshaninunulia aproni! Tatizo ni dogo tu: naogopa sindano. Tangu masika nimejificha nyuma ya ufagio na kuosha vikombe vya kuumika, vile wanavyobandikwa wagonjwa mgongoni. Dada Pei, aliyenitangulia hapa, ananishuku. Leo kaniuliza mbele ya wagonjwa kama nimekuja kujifunza tiba au kuuoa ufagio.

Jumanne, Oktoba 15

Mtihani wa kwanza: boga. Linaelea kwenye beseni, unalichoma sindano bila kulizamisha wala kutikisa maji. La Dada Pei lilitulia kama limelala. Langu likapiga mbizi, likaibuka, likanirushia maji usoni. Dada Pei alicheka hadi akashika ukuta. Acheke! Kesho nachoma mbele ya Mwalimu, na nina wazo. Tofali chini ya boga. Maji ya kuoshea mchele, meupe, hayaonyeshi kitu. Sijui kwa nini watu husoma miaka mingi.

Jumatano, Oktoba 16

Ushindi! Nimechoma, nimechoma tena, boga kimya. Mwalimu kalisukuma kwa kidole. Kimya. Kalisukuma kwa kiganja. Kimya. Akasema tangu aanze kazi hajapata kuona boga lenye nidhamu hivi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Halafu akasema mkono wa namna hii ni hasara kuuachia mboga, kwa hiyo Ijumaa nijichome mwenyewe, mguuni, chini ya goti, pale wanapoanzia wote.

Alhamisi, Oktoba 17

Barafu! Muuza samaki kanipa ndoo nzima. Alipouliza ya nini nikamjibu ni siri ya kitabibu. Nimeutia humo mguu wa kulia hadi nikaufinya usijue. Sindano ikifika panapotakiwa mtu husikia uzito na ganzi, na Mwalimu lazima aulize, basi nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Uso wangu unasadikisha kabisa.

Ijumaa, Oktoba 18

Aibu! Nilikaa kwenye benchi, mguu umeganda tangu alfajiri. Bi Gao, mgonjwa wetu wa bega, akasogeza kiti aone vizuri, anatafuna mbegu za alizeti. Nikafumba macho. Nikachoma. Nikapiga kelele kwamba imefika, nasikia uzito hadi unyayoni! Bi Gao akasema, "We kijana, umelichoma benchi."

Mwalimu akainama akaliuliza benchi kama limepata nafuu. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akafungua sindano mpya na kuniambia tujaribu mguu wa kushoto, ule ambao haujalala na samaki. Hapo machozi yakanitoka. Nikasema yote: barafu, tofali, woga. Bi Gao akasema ndiyo maana wahenga walinena mficha maradhi kifo humuumbua, haya choma, mwanangu, tuna kazi nyumbani. Nikachoma. Macho wazi! Uzito ukaja wenyewe, polepole, ukateremka mguuni. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumamosi, Oktoba 19

Mwalimu atakunywa chai yangu! Amesema anayeijua hofu ya sindano atamhurumia anayechomwa. Ila nimeapa: hila basi. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Dada Pei kanifundisha kushika kikombe kwa mikono miwili, akaniita mdogo wake. Nikajikuta namwonea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nikimchukia.

Jumapili, Oktoba 20

Ameinywa! Yote, hadi majani! Mimi ni mwanafunzi wa Mwalimu Qiu. Mjomba nimemwambia aproni ampe mwingine. Na kuna zaidi: Bi Gao ameomba bega lake kesho nilichome mimi, si mwingine. Heshima iliyoje!

Kujichoma ni kimoja, kumchoma mtu ni kingine. Lakini nimeshafikiria. Koti langu la kazi lina mikono mipana. Dada Pei asimame nyuma yangu, apitishe mkono wake kwenye mkono wa koti langu, achome yeye, mimi niongee na mgonjwa. Nani atajua? Hiyo si hila, ni ushirikiano. Nimemweleza, amekataa. Nimemweleza tena, amenirushia kandambili.

Atakubali tu. Koti nimeshalipanua.